Madoa kwenye kuta zilizopakwa rangi: yapi yanatoka, yapi hayatoki, na wapi pa kuwa mwangalifu

Nyumba ikishapigwa lipu na kupakwa rangi, mwenye nyumba hutarajia kukaa miaka kadhaa kabla ya kununua ndoo nyingine ya rangi. Lakini haipiti miezi mingi kabla masizi ya koroboi hayajapanda ukutani, mikono ya watoto haijaacha alama kando ya mlango, na mvua za masika hazijateremsha mchirizi wa kahawia kutoka darini. Sikukuu au harusi inapokaribia, ndipo watu huanza kutafuta dawa ya madoa. Mmoja huchukua jiki, mwingine mafuta ya taa, mwingine msasa. Mara nyingi doa hubaki na rangi huondoka. Mara nyingine mtu huumia.

Katika makala hii tunaeleza namna ya kusafisha kuta zilizopakwa rangi kwa vitu vinavyopatikana dukani kijijini au jikoni kwako. Madoa mengi ya nyumbani hutoka kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na subira. Yale yasiyotoka kwa njia hiyo yanahitaji kujulikana kwanza, kwa sababu kila doa lina chanzo chake, na kila rangi ina uwezo wake wa kustahimili maji.

Je, nyumba yako imepuliziwa dawa ya mbu?

Tunaanza na swali hili kwa sababu linahusu uhai. Katika maeneo kadhaa yenye malaria, zikiwemo baadhi ya wilaya za Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, Zanzibar, magharibi mwa Kenya na kaskazini mwa Uganda, kumekuwa na kampeni za kupulizia dawa ukoko majumbani. Dawa hiyo hupuliziwa kwenye kuta za ndani na kukaukia hapo. Mbu aenezaye malaria akishashiba damu huwa mzito, hivyo hutafuta mahali pa kupumzika, na mara nyingi hutua ukutani. Miguu yake ikigusa dawa, hufa kabla ya kumfikia mtu mwingine.

Dawa hiyo huendelea kufanya kazi kwa miezi kadhaa, kutegemea aina ya dawa na aina ya ukuta. Kwenye ukuta wa rangi iliyokolea inaweza kuonekana kama michirizi myeupe, na hapo ndipo watu hushika kitambaa wakidhani ni uchafu. Ukiosha ukuta huo umeondoa kinga ya familia. Ukiupaka rangi au chokaa umeifunika dawa, na mbu atatua juu ya rangi bila kudhurika.

Kwa hiyo, kama nyumba yako imepuliziwa, muulize mhudumu wa afya wa kijiji chako dawa hiyo inadumu hadi lini, kisha subiri. Meza, sakafu na vyombo unaweza kuosha, kuta ziache. Na ukisikia tangazo kwamba wapuliziaji wanakuja, osha na upake rangi kabla hawajafika. Kulala ndani ya chandarua kunaendelea palepale.

Tambua rangi iliyo ukutani

Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe, kikamue, kisha sugua taratibu mahali pasipoonekana, kwa mfano nyuma ya mlango. Kitambaa kitakupa jibu.

Kikitoka na unga mwingi wa rangi ya ukuta, ukuta wako una chokaa, au rangi ya maji iliyo hafifu. Ukuta wa namna hii hauoshwi. Ukiuosha, utaondoa chokaa pamoja na doa na kubaki na baka. Pangusa kwa brashi kavu, na sehemu iliyochafuka sana ipake chokaa upya.

Kitambaa kikitoka safi na ukuta haung'ai, hiyo ni rangi ya maji iliyo nzuri. Inaoshwa, lakini kwa upole. Rangi isiyong'aa ina vitundu vidogo sana ambavyo macho hayavioni, na uchafu hujificha humo. Ukisugua kwa nguvu, unasawazisha vitundu hivyo na sehemu hiyo inaanza kung'aa peke yake. Doa linaweza kutoka, lakini kila atakayeingia ataona mahali lilipokuwa.

Ukuta uking'aa na maji yakiteleza juu yake, hiyo ni rangi ya mafuta. Ndiyo inayostahimili kuoshwa kuliko nyingine, na ndiyo sababu mafundi wengi huipaka nusu ya chini ya ukuta, kwenye korido na jikoni.

Rangi mpya, hata iwe ya aina gani, ipe kama mwezi mmoja kabla ya kuiosha. Inaweza kuonekana imekauka siku ya pili, lakini bado haijakomaa.

Namna ya kuosha

Anza na kazi kavu. Pangusa vumbi na utando wa buibui kwa ufagio uliofungwa kitambaa. Vumbi likilowa hugeuka tope, nawe utakuwa unapaka tope ukutani.

Andaa beseni mbili. Ya kwanza iwe na maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji. Ukitumia sabuni ya unga, hakikisha imeyeyuka yote, kwa sababu chembe zake hukwaruza. Beseni ya pili iwe na maji matupu ya kusuuzia. Tumia sponji au kitambaa laini cha rangi nyeupe, maana kitambaa chenye rangi kinaweza kuchuja na kukuachia doa jipya. Steelwire na dodoki gumu viache kwa ajili ya masufuria.

Jaribu kwanza mahali pasipoonekana na usubiri pakauke. Kisha osha kuanzia chini kwenda juu. Wengi hufanya kinyume chake, na sababu ya kuanzia chini ni hii: maji machafu yakichirizika kwenye ukuta mkavu na mchafu, huacha mistari iliyo migumu kutoka. Yakichirizika kwenye sehemu uliyokwisha kuosha na ambayo bado ina unyevu, unayafuta mara moja. Wakati wa kusuuza ndipo unaanzia juu kwenda chini.

Kamua kitambaa vizuri. Ukuta ufutwe, usimwagiwe maji. Penye swichi na soketi, zima umeme kwenye swichi kubwa kwanza, futa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, na usiwashe mpaka pakauke. Mwishoni kausha ukuta kwa kitambaa kikavu na ufungue madirisha.

Masizi ya koroboi na ya jikoni

Masizi ni unga mwembamba sana wa kaboni uliochanganyika na mafuta ya moshi. Ukiyagusa kwa kitambaa kibichi kabla ya kuyapunguza, unayasukuma ndani ya rangi, na doa la ukubwa wa kiganja linakuwa la ukubwa wa sinia.

Yaondoe yakiwa makavu. Tumia brashi laini au sponji kavu, ukipangusa kwa kugusa tu bila kukandamiza. Njia nyingine ni donge la unga. Changanya unga wa ngano, chumvi kidogo na maji machache, kanda mpaka donge lisinate mikononi. Libandike kwenye masizi na uliondoe, libandike tena na uliondoe, bila kusugua. Likiwa jeusi, likunje uchafu uingie ndani na uendelee na upande safi. Ukimaliza, pangusa mabaki yote ili yasiite sisimizi na panya.

Njia hii si ngeni. Katika miaka ya 1930, kampuni ya Kutol ya mji wa Cincinnati, Marekani, ilikuwa ikiuza donge laini la kuondolea masizi ya makaa ya mawe kwenye karatasi za ukutani. Watu walipoanza kupasha nyumba joto kwa gesi, masizi yalipungua na biashara ikafifia. Mwaka 1956 donge hilo, baada ya kubadilishwa kidogo, lilianza kuuzwa kama kitu cha watoto kuchezea, kwa jina la Play-Doh.

Masizi yakishapungua, osha kwa maji ya sabuni kama tulivyoeleza. Yakigoma, ongeza magadi yale ya kupikia maharage, yaliyosagwa laini, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja. Magadi hugeuza sehemu ya mafuta ya moshi kuwa kama sabuni, nayo huachia ukuta. Usiyaache yakae muda mrefu, hasa kwenye rangi ya mafuta, kwa sababu yanaweza kuichakaza. Suuza mara mbili.

Kabla hujaweka beseni pembeni, tazama tena ukuta huo. Moshi uliopaka rangi yako umepita pia kwenye mapafu ya mpishi na ya mtoto aliyebebwa mgongoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kama masizi yanarudi kila baada ya wiki chache, dawa yake ni tundu la kutolea moshi, jiko lisilotoa moshi mwingi, kuni zilizokauka vizuri, au taa ya sola badala ya koroboi. Ukuta utabaki safi, na kifua kitapata nafuu.

Mafuta, mikono na vichwa

Alama za mikono kando ya mlango, na baka la mafuta ya nywele ukutani kwenye kichwa cha kitanda, hutoka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Sabuni hiyo imetengenezwa ili kuvunja mafuta.

Mafuta ya kupikia yakiruka ukutani na bado ni mabichi, usiyafute kwa kitambaa kikavu, utayatandaza. Kandamiza poda ya mtoto au unga laini wa muhogo juu yake, uache kwa saa moja unyonye, kisha upanguse. Njia hii inafaa pia kwenye chokaa, ambako huwezi kutumia maji.

Penseli, mkaa, krayoni na kalamu

Watoto wakipata ukuta safi huona ubao. Penseli hutoka kwa kifutio cha shuleni, kile laini cheupe. Mkaa mfanyie kama masizi: kavu kwanza, maji baadaye.

Krayoni ni nta. Maji ya uvuguvugu yenye sabuni huilainisha. Ikibaki, weka dawa ya meno nyeupe kidogo kwenye kitambaa kibichi na uzungushe taratibu. Dawa ya meno ina chembe ndogo za kusugua, kwa hiyo usiitumie kwenye ukuta unaong'aa bila kujaribu kwanza.

Wino wa kalamu hautoki kwa sabuni, lakini huyeyuka kwa spiriti au kitakasa mikono chenye spiriti. Lowesha pamba kidogo, gusa mstari wa wino kisha uinue, badilisha pamba, gusa tena. Ukisugua, mstari utakuwa wingu la buluu. Uwe na tahadhari: spiriti hulainisha rangi ya maji, hivyo ukiona rangi ya ukuta inaingia kwenye pamba, acha. Fungua dirisha, na pasiwe na moto karibu. Wino wa makapeni mara nyingi hautoki wote. Huo ni wa kufunikwa kwa rangi.

Ukungu na michirizi ya maji

Vidoadoa vyeusi au vya kijani kwenye kona, nyuma ya kabati au chini ya dirisha mara nyingi ni ukungu. Huu ni uhai unaoota, nao huota kwa sababu ukuta una unyevu. Kuujua, dondoshea tone la jiki iliyochanganywa na maji. Vidoa vikififia baada ya dakika chache, ni ukungu. Vikibaki vilevile, huenda ni masizi au uchafu wa kawaida.

Osha kwanza kwa sabuni na usuuze. Kisha chukua kikombe kimoja cha jiki kwa vikombe kumi vya maji, au fuata maelekezo ya chupa, paka kwa sponji, acha dakika kumi, suuza na ukaushe. Vaa glavu, funika pua na mdomo, na acha milango wazi. Mtu mwenye pumu asifanye kazi hii. Jiki hupausha rangi iliyokolea, hivyo jaribu kwanza.

Lakini ukungu utarudi kama unyevu umebaki. Tafuta bati linalovuja, maji ya paa yanayorukia msingi, au chumba kisichopitisha hewa. Sogeza kabati na kitanda mbali na ukuta kwa upana wa kiganja ili hewa ipite.

Mchirizi wa kahawia chini ya dari hautoki kwa sabuni yoyote. Maji ya mvua yamepita kwenye mbao, vumbi na kutu, yakabeba rangi yao hadi ndani ya lipu. Ziba paa kwanza, acha ukuta ukauke kabisa, kisha upake mkono mmoja wa rangi ya mafuta juu ya mchirizi kabla ya kurudishia rangi ya maji. Ukipaka rangi ya maji peke yake, doa litajitokeza tena. Masizi mazito na mafuta nayo ni hivyo hivyo: rangi haishiki juu ya mafuta, na moshi hupenya rangi mpya ukaacha unjano. Osha kwanza, ndipo upake.

Unga mweupe unaochomoza chini ya ukuta, karibu na sakafu, mara nyingi ni chumvi iliyopandishwa na unyevu kutoka ardhini. Usiuoshe. Maji huyeyusha chumvi na kuirudisha ukutani. Ipanguse kavu, uizoe na uitupe nje, kisha elekeza maji ya mvua yaende mbali na msingi.

Mambo matano ya kuepuka

La kwanza: usichanganye jiki na kitu kingine chochote isipokuwa maji. Jiki ikikutana na siki, ndimu au dawa kali ya kuoshea choo hutoa gesi ya klorini, inayounguza macho na mapafu. Ikikutana na amonia, ambayo imo katika baadhi ya dawa za kusafishia vioo na pia hutoka kwenye mkojo, hutoa gesi nyingine yenye sumu. Ukisikia harufu kali ya ghafla na macho yakawasha, toka nje mara moja na kuwatoa wengine.

La pili: usioshe ukuta kwa petroli, tina au mafuta ya taa. Mvuke wa petroli huweza kushika moto kutoka kwenye jiko lililo mbali kiasi. Mafuta ya taa nayo huingia kwenye rangi, huacha baka na harufu, na rangi mpya haitashika juu yake.

La tatu: usihifadhi jiki, spiriti au mafuta ya taa kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hajui tofauti. Akinywa, usimlazimishe kutapika. Mkimbize kituo cha afya, na nenda na chupa yenyewe.

La nne: usipige msasa mkavu wala kukwangua rangi ya mafuta ya zamani inayobanduka. Baadhi ya rangi hizo zilitengenezwa kwa madini ya risasi. Vumbi lake likivutwa, au mtoto akila vipande vilivyoanguka, risasi hudhuru ubongo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Lowesha sehemu hiyo, ondoa vilivyolegea tu, kusanya vipande vyote, piga deki, na watoto na wajawazito wakae mbali. Usivichome vipande hivyo.

La tano: usipande juu ya ndoo au kiti kibovu ili kufikia darini. Funga sponji kwenye mti wa ufagio.

Kwa ufupi

Uliza kwanza kama ukuta una dawa ya mbu. Jaribu kwa kitambaa cheupe ujue ni rangi gani. Pangusa kavu, kisha osha kwa sabuni kutoka chini kwenda juu. Magadi ni kwa mafuta na masizi, spiriti ni kwa wino, jiki ni kwa ukungu peke yake, nayo hukutana na maji tu. Doa likirudi, acha kulisugua na utafute linakotoka: paa, jiko, au maji yanayosimama kwenye msingi. Kurekebisha hapo mara nyingi ni nafuu kuliko ndoo ya rangi kila mwaka.

Ukiona makala hii itamfaa jirani asiye na simu, msomee.